Marehemu Ngusa na Ufalme wa Chini

Mdogo wangu Ngusa ni mwoga. Nalisema hili mapema ili baadaye mtu asije akanilaumu, maana hapa Segese wapo watu ambao mpaka leo wakisikia jina lake wanavua kofia. Mimi nimembeba mgongoni yule, namjua. Utotoni alikuwa anaogopa bata. Wala si bata mzinga, bata hawa hawa wa kawaida. Baba alimpa ng'ombe achunge, jioni ng'ombe wakarudi wenyewe, yeye tukamkuta juu ya mti kwa sababu eti fahali alimtazama vibaya. Alipopelekwa Shinyanga mjini, kwa mjomba wetu wa Kambarage, akajifunze ushonaji, hakumaliza hata wiki. Alisema mbwa wa jirani anamsubiri yeye tu, wengine wote anawaacha wapite.

Sasa mtu wa namna hiyo mkisikia ameshuka duarani, yaani shimoni, kuchimba dhahabu, si mtashangaa? Hata sisi tulishangaa. Lakini vijana wenzake wote walikuwa huko, na binti aliyekuwa anamtaka alishasema hawezi kuolewa na mwanamume asiye na vumbi. Basi Ngusa akatafuta vumbi. Kila asubuhi alituaga kama anayekwenda vitani, anamshika mama mikono yote miwili, mpaka mama akawa anamwambia, "Nenda bwana, uji unapoa."

Siku duara lilipobomoka nilikuwa hapa hapa kwenye kibanda changu cha chakula, nasonga ugali wa mchana. Niliacha mwiko ndani ya sufuria nikakimbia. Nilipofika nikawakuta wenzake wote wako juu, wazima, wamepauka kwa udongo. Ngusa hayupo. Wakachimba, wakatoa koti lake, simu yake ikiwa mfukoni, na buti moja. Wakaendelea kuchimba mpaka wazee wakasema basi, udongo huu utatuulia na wengine. Tukakata mgomba uwe badala ya mwili, tukauvika sanda, tukauzika pale pale kando ya shimo, kwa kuwa mwenyewe tuliamini yuko chini yake. Nililia mpaka sauti ikakauka, nikawa nauza ugali kwa ishara.

Hapo ndipo anapoingia Kalisti. Huyu Kalisti alikuwa anaendesha karasha, mashine ya kusagia mawe. Alikuwa mtu mpole tu, na mtu pekee wa karasha aliyekuwa anasema ahsante akiletewa chai. Matanga hayajapoa, akaanza kusema ameota. Ameota Ngusa hakufa kifo cha kawaida. Eti duara lilipoanza kushuka, Ngusa aliinama akaubeba mwamba kwa mgongo, wenzake wakapita katikati ya miguu yake wakatoka. Na huko chini alikobaki kuna nchi kamili, Ufalme wa Chini, wenye mito ya dhahabu na marehemu wetu wote, na Ngusa ndiye bawabu wake. Sisi tulio juu ni makapi.

Nilicheka, jamani. Nilicheka nikijua na wenzake Ngusa watacheka, maana walikuwepo. Lakini hao wenzake waliinamisha vichwa, wakatazama vidole vya miguu, na hakuna aliyekanusha. Kalisti akapata nguvu. Akazungushia eneo lile uzio wa mabati, akajiita Mfalme wa Mlango. Akateua mawaziri. Kulikuwa na Waziri wa Kimya, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kelele watu wanyamaze, na Waziri wa Viatu, kwa kuwa kule ndani ilikuwa marufuku kukanyaga ardhi na viatu. Kiti cha enzi kilikuwa kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye lori bovu, na mkanda wake ukiwa bado upo. Mfalme akikaa anafunga mkanda.

Kilichowamaliza watu ni bomba. Pale shimoni lilibaki lile bomba refu la plastiki ambalo wachimbaji wanapulizia hewa chini kwa mashine. Ijumaa moja bomba likaongea. Likasema, "Mimi Ngusa." Kwa sauti nzito, ya kukoroma, inayotoka ardhini. Watu wakaanguka kifudifudi. Mimi nikasema huyu si mdogo wangu, mdogo wangu ana sauti ya mtu anayeomba maji. Wakaniambia amekomaa.

Ningeendelea kucheka mpaka leo, lakini yupo mwenzangu Noela, muuza mboga wa kibanda cha jirani. Mumewe, Gregory, aliingia Ufalme. Na sheria ya kule ni kwamba ukishaingia, ndugu zako wa juu ni makapi, husemi nao. Siku moja Gregory akapita barabarani, watoto wake wakamkimbilia, "Baba! Baba!" Akawapita anatazama mbele, mdogo akiwa amemshika suruali, mpaka mkono wa mtoto ukachomoka wenyewe. Siku hiyo niliogopa, na kicheko kikaniisha.

Kisha wakamgeukia mama yangu. Mama alishaanza kwenda kila Ijumaa kusikiliza bomba. Miaka mitatu ya kwenda, anarudi macho mekundu, hali vizuri, haniambii kitu. Hatimaye Mfalme akatangaza kwamba Limi binti Bujiku, mzazi wa Bawabu, atafanywa Malkia Mama Jumamosi hiyo. Ataingia ndani ya uzio na hatatoka tena, wala hatasema tena na mtu wa juu. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. Mama yangu akanitazama, akasema taratibu, "Rhoda, wewe una watoto wako. Mwanangu yuko kule ananiita. Mimi nibaki na nani huku?" Niliondoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namuonea huruma mpaka kifua kinauma.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, mchana, kibanda kimejaa wateja, mtu akasimama mlangoni amebeba begi. Akasema, "Shikamoo dada."

Mteja wa kwanza kutoka alitokea dirishani. Wengine walijitobolea mlango upande ambao yeye hayupo, kwa hiyo sasa kibanda changu kina milango miwili. Mimi nilibaki na mwiko. Alikuwa Ngusa, amenenepa kidogo, amevaa shati la maua.

"Usisogee!" nikamwambia. "Kaa hapo!"

Akakaa. Kwetu kila mtu anajua habari za misukule, yaani watu ambao wachawi wanawachukua, ndugu wanadhani wamekufa, kumbe wanalimishwa mashamba usiku. Na kila mtu anajua msukule hali chumvi. Nikachukua bakuli la dagaa, nikamwaga chumvi konzi nzima, nikakoroga, nikamsukumia kwa mwiko.

Akaweka tonge la kwanza mdomoni. Macho yakamtoka. "Dada, dagaa wana chumvi."

"Kula!"

"Nakula, lakini wana..."

"Kula Ngusa, nakwambia!"

Akala mpaka akafuta bakuli, machozi yanamtiririka, akaomba maji kwa ile sauti yake. Nikamwangukia shingoni nikalia, nikampiga na mwiko, nikalia tena. Alikuwa hai. Mjinga yule alikuwa hai na ananuka sabuni.

Kumbe ilikuwaje? Kule chini alikuwa amevua koti na buti moja, anatoa jiwe ndani ya soksi. Udongo kidogo ukamwangukia shingoni. Wengine udongo unawaangukia kila siku, wanapangusa. Ngusa alipiga yowe, akapanda kamba na buti moja, akatoka, akakimbia mpaka barabara kuu, na akaona lori limesimama akalipanda. Alipopata akili alikuwa ameshafika mbali, na alichokuwa anasikia masikioni ni kicheko cha Segese nzima. Hakujua hata kama duara lilianguka. Akaenda mpaka Chunya, akawa anaosha vyombo kwenye mgahawa, anajificha na aibu yake. "Sasa nikasema basi, dada. Nirudi wanicheke, yaishe."

"Hakuna anayekucheka," nikamwambia. "Wanakuabudu."

Nikamweleza yote. Alianza kutetemeka kwenye habari ya mgomba. Lakini nilipofika kwenye mwamba nikaona uso wake unabadilika.

"Kwa mgongo?"

"Kwa mgongo."

"Mwamba mkubwa?"

"Ngusa! Mama anaingia kule Jumamosi na hatatoka!"

Akajifuta mdomo. Halafu akauliza kama anaweza kumtumia mama ujumbe tu kwa simu. Nikainua mwiko. Mama alishasalimisha simu yake kwa Mfalme, na hata ningemwambia mimi angesema ni maneno ya makapi. Ilikuwa lazima amwone.

Jumamosi tulikwenda. Ngusa alikataa kupita njiani uso wazi, kwa hiyo nilimfunika vitenge vyangu viwili toka kichwani, akawa mama mmoja mrefu sana. Mlangoni alikuwepo Masalu, mmoja wa wale waliokuwa naye duarani, sasa askari wa Ufalme. Akatutazama, akauliza, "Na huyu?"

"Shangazi yangu wa Bulyanhulu. Ana kiharusi cha mdomo, usimsemeshe."

Waziri wa Viatu akatuvua viatu, tukapita. Watu walikuwa wamejaa, wamekaa chini kwa mistari. Mama yangu alikuwa mbele kabisa kando ya bomba, amevalishwa shuka jeupe, miguu mitupu, mdogo mno katikati ya shuka lile. Mfalme Kalisti amekaa juu ya kiti, mkanda umefungwa. Waziri wa Kimya akapiga kelele, na bomba likaanza.

"Mama yangu Limi. Mimi Ngusa, bawabu."

Shangazi wa Bulyanhulu akaninong'oneza, "Dada, yule ndiye mimi?"

"Ndiye."

"Ana sauti nzuri."

"Mama," likasema bomba, "inuka. Usitazame nyuma. Walio nyuma yako si wako tena."

Mama akainuka. Akatazama nyuma kidogo tu, kwa kuibia, nafikiri ananitafuta mimi, na Waziri wa Kimya akamgeuza bega. Nikafungua mdomo nipige kelele. Ndipo nyuma yangu ikatoka sauti nyembamba ya mtu anayeomba maji.

"Mayu! Mama, usiingie!"

Vitenge vikaanguka. Sijui nieleze vipi ukimya ule. Hata Waziri wa Kimya hakuwa na la kuongeza. Mstari wa mbele yetu ukahama wote bila mtu kusimama, wakiwa wamekaa hivyo hivyo. Baada ya muda bomba likakohoa.

"Nani huyo?"

"Ngusa," akasema Ngusa.

"Ngusa ni mimi."

"Hapana kaka, ni mimi."

"Mimi niko huku chini miaka yote!"

"Kama ni wewe, mama alikuwa ananiita nani nilipokuwa mdogo?"

Bomba likafikiri. "Huku chini majina ya utotoni hayatumiki."

Mfalme aliruka asimame, mkanda ukamrudisha. Akahangaika nao, mawaziri wawili wakaja kumsaidia, akafunguka, akanyoosha kidole. "Msukule! Makapi wametuletea msukule!" Watu wakainuka. Niliona wengine wanaokota mawe, na mawe pale hayatafutwi. Kalisti akatukaribia, na aliposimama nasi uso kwa uso ule upole wake wa karasha ulirudi. Akasema kwa sauti ya chini, mimi nikasikia kila neno, "Ngusa, sema umefufuka. Kiti kile pale, tutakaa zamu. Utakula, utavikwa, hakuna atakayekucheka maisha yako yote. Ukikataa, wewe ni msukule, na unajua watu wanamfanyaje."

Ngusa akakitazama kiti. Nisiwadanganye, alikitazama sana. Mtu aliyeoga maji ya vyombo vya Chunya akikimbia kicheko, anaambiwa hatachekwa tena mpaka kufa. Halafu akamtazama mama, aliyesimama pale na shuka lake, mdomo wazi.

"Sikufufuka," akasema. "Sikufa. Nilikimbia." Kisha kwa nguvu zaidi, "Nilikimbia jamani! Udongo uliniangukia shingoni, nikakimbia! Sijabeba mwamba. Hata kiroba cha mawe nilikuwa nasaidiwa."

"Uongo!" mtu akapiga kelele. "Shujaa wetu hakimbii!"

Kutoka mlangoni Masalu akasema, "Anakimbia." Watu wakamgeukia. Alikuwa amevua kofia yake ya uaskari na analia. "Tulimwona anapanda kamba na buti moja anapiga mayowe. Tukapanda wote kumfuata tumcheke. Tulipofika juu hatukumwona, na duara likaanguka nyuma yetu. Koti tukalikuta chini, tukadhani alishuka tena kulifuata. Tungesemaje? Kwamba tumepona kwa sababu tulitoka kumcheka mtu aliyekufa?"

Mngedhani hapo mambo yaliisha. Wapi! Watu walikasirika zaidi. Walikuwa wameacha wake na watoto kwa ajili ya mtu aliyebeba mwamba, leo wanaletewa mwenye shati la maua. Jiwe la kwanza likapiga bati nyuma yetu. Ngusa akaingia mgongoni kwangu, akanishika kiuno kwa mikono miwili, kichwa akakificha chini ya kwapa langu. Mwanamume mzima. Nami nikapanua mikono, natukana kila mtu kwa Kisukuma na Kiswahili.

"Mama Limi," bomba likanguruma, "chagua. Mwanao ni mimi niliyebeba mwamba. Yule ni mwoga tu!"

Mama akalitazama bomba. Akatutazama sisi. Akaanza kuja, na watu wakampisha, kwa kuwa alikuwa ameshakuwa nusu malkia. Alipofika hakusema na mimi. Aliinama, akachungulia chini ya kwapa langu.

"Bhebhe," akasema, "wewe, toka nyuma ya dada yako."

"Siwezi mayu. Wana mawe."

Mama akanyooka. Aliwageukia wale watu, na sauti aliyotoa sikuwa nimeisikia toka baba yupo hai. "Huyu ndiye mwanangu! Miaka mitatu mnanisifia mtu anayebeba miamba, nami narudi nyumbani najiuliza walimzika nani, maana mimi sikuzaa mtu wa hivyo. Huyo wa kwenye bomba mkamtafutie mama yake!"

Mikono yenye mawe ikashuka. Ndipo bomba likasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mfalme, niendelee?"

Aliyeanza kucheka ni Noela, ambaye alikuwa amekuja kusimama nje ya uzio na wanawe. Kicheko kikapanda kwa jirani yake, kikaruka uzio, kikaingia ndani. Watu walicheka wakiwa wanalia, wengine mawe yakiwa bado mkononi. Stanslaus, muuza vocha mmoja mwenye kifua kikubwa, akatolewa nyuma ya banda akiwa na ncha ya pili ya bomba mkononi. Kalisti aliondoka akipitia chini ya bati, na kiti alikiacha. Aliyepata taabu ni Waziri wa Viatu, kwa sababu kila mtu alitaka vyake kwa wakati mmoja. Gregory alitoka peku, akawafuata wanawe. Yule mdogo alijificha nyuma ya mama yake asimsalimie, na Gregory akakaa chini barabarani, akangoja.

Tulirudi kwa miguu, mama katikati. Tukaukaribia mji. Ghafla akasimama, akamgeukia Ngusa, akamzaba kofi ambalo hata mimi liliniuma. Halafu akakamata uso wake kwa mikono miwili, anautazama.

"Siku ile," akasema, "ulikimbia kweli?"

Ngusa akainamisha macho. "Nilikimbia, mayu."

"Ulikimbia sana?"

"Kwa nguvu zangu zote."

"Ulifanya vizuri." Mama alikuwa analia sasa, waziwazi, bodaboda zinatukwepa. "Ulifanya vizuri sana, mwanangu. Ila siku nyingine ukikimbia, kimbilia nyumbani."